NANI AANDIKWE KATIKA ORODHA YA MAYATIMA?

   



Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu hapa Kasongo anakijua, na ndugu zetu wa Kabambare wanakijua zaidi. Kitu hicho ni orodha. Msaada unapokuja kwa ajili ya watoto, uwe umetoka kwa Leta, kwa shirika au katika mfuko wetu wenyewe wa zaka, kwanza hutangulia mtu mwenye daftari. Anapita avenyu kwa avenyu akiuliza: watoto ni wangapi, baba yuko wapi, karatasi iko wapi. Baada ya siku chache majina yanasomwa, na hapo kelele zinaanza. Huyu ameandikwa na mume wake ana duka. Yule ameachwa na watoto watano hawajala tangu jana. Mwingine aliazima watoto wa dada yake siku ya kuhesabiwa, na jioni akawarudisha kwao.

Watu wengi wanalichukua jambo hili kuwa mambo ya siasa tu, au ujanja wa wakubwa. Mimi naona ni suala la dini, tena zito. Anapokuja mtu kuomba kwa ajili ya mtoto, ni lazima achunguzwe kama anastahili. Basi mzigo wa uchunguzi huo umwangukie nani? Na kosa likitokea, maana litatokea tu, nani alilipe?

Kuna wanaosema kwamba kuchunguza ni dhambi, kwamba mwenye kuomba apewe na hesabu tumwachie Mungu. Maneno hayo ni matamu lakini si kweli. Mtu akitoa mali yake mwenyewe, ampe anayemtaka. Lakini mali ya msaada ni amana, na amana ina wenyewe. Katika Suratut Tawba, aya ya 60, Mwenyezi Mungu ametaja namna nane za watu wanaostahili zaka, wala hakumwachia mtu kuongeza namna ya tisa. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliangalia kabla ya kutoa. Imepokewa katika Abu Dawud kwamba watu wawili walimjia katika Hija ya kuaga, akiwa anagawa sadaka, wakamwomba. Akawatazama juu hadi chini, akaona ni watu wenye nguvu. Akawaambia kwamba wakitaka atawapa, lakini wajue kuwa tajiri hana fungu humo, wala mwenye nguvu anayeweza kujitafutia.

Tazameni adabu hiyo. Alichunguza kwa macho yake, akawaeleza sheria, halafu akawaachia dhamiri zao. Hakuwaita waongo mbele ya watu. Wangapi katika wenye madaftari ya leo wanaweza hivyo?

Na kwa nini iwe lazima kuangalia? Kwa sababu mwongo anapoandikwa, kuna mtu anayeachwa, na huyo anayeachwa haonekani. Tuseme msaada ni wa watoto 100, na 20 wameandikwa kwa uongo. Siku ya kugawa mtaona watoto 100 wamesimama mstarini, na wapiga picha watapiga picha. Wale 20 wengine wako nyumbani. Suratun Nisaa, aya ya 10, inatuonya kwamba wenye kula mali ya mayatima kwa dhuluma wanajaza moto matumboni mwao. Aya hiyo tumezoea kuisoma juu ya baba mdogo anayekula urithi wa watoto wa marehemu. Sisi tuisome pia juu ya mama anayeazima watoto siku ya kuhesabiwa, na juu ya kapita anayeandika jina la shemeji yake ambaye yuko Kindu.

Hapo nadhani tumepatana wote. Ugumu uko mbele kidogo.

Katika habari za Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) kuna kisa alichokipokea Ibn Saad, na kila mwenye kuandika orodha ya watoto angepaswa kukijua. Umar alikuwa ameweka fungu la watoto kutoka hazina ya Waislamu, labda msaada wa kwanza wa watoto uliowekwa na dola ya Kiislamu. Sharti lilikuwa moja: mtoto apewe akiisha kuachishwa ziwa. Sharti hilo lilikuwa na akili yake, maana mtoto anayenyonya analishwa na mama, na aliyeachishwa anahitaji chakula. Tena ni rahisi kuchunguza.

Usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulipiga kambi Madina, na Umar akatoka pamoja na Abdurrahman bin Auf kuwalinda. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake akamwambia amche Mungu, amtulize mwanawe. Akarudi mahali pake, mtoto akalia tena. Akaenda mara ya pili, na mwisho wa usiku mara ya tatu, akamlaumu kwamba ni mama mbaya. Yule mwanamke hakujua anazungumza na nani. Akamjibu kwamba amemchosha usiku kucha: anamlazimisha mtoto aache ziwa, na mtoto anakataa. Umar akauliza kwa nini. Akasema ni kwa sababu Umar hatoi fungu ila kwa walioachishwa. Na mtoto alikuwa bado mchanga, wa miezi tu.

Umar akasalisha Alfajiri huku analia, hata watu hawakusikia vizuri kisomo chake. Baada ya sala akajilaumu mbele ya watu, akijiuliza ni watoto wangapi wa Waislamu amewaua. Kisha akaamuru itangazwe kwamba wasiwaharakishe watoto kuacha ziwa, na kwamba tangu siku hiyo kila mtoto wa Kiislamu anayezaliwa ana fungu lake. Akaandika hivyo kwa maliwali wa nchi zote.

Ndugu zangu, katika kisa hiki hakuna mwizi. Umar alikuwa mwadilifu na fedha hazikuibiwa. Mama naye hakutaka kudanganya, alitaka mwanawe awe kweli ameachishwa. Sharti lenyewe ndilo lililomtesa mtoto. Na Umar alipolijua, hakumwambia mwanamke kwamba sheria ni sheria. Alibadilisha sheria, asubuhi ileile.

Sasa turudi kwetu. Sharti linalopendwa sana na wenye madaftari ni karatasi. Mtoto aandikwe akiwa na cheti cha kuzaliwa, na yatima aandikwe akiwa na cheti cha kifo cha baba. Sheria ya nchi yetu inasema mtoto atangazwe katika ofisi ya hali ya raia ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na hilo ni bure. Siku hizo zikipita, inatakiwa hukumu ya korti. Nani kati yetu ametembea kutoka kijiji cha ndani cha Kabambare hadi kwenye korti juu ya karatasi ya mtoto, na mvua, na baki za barabarani, na franka zinazoombwa kila dirisha? Uchunguzi mkubwa wa jamaa uliofanywa nchini mwaka wa 2017 na 2018 ulikuta kwamba katika watoto 10 wa chini ya miaka mitano, 4 tu hivi ndio walioandikishwa. Na hiyo ni kwa Kongo nzima, pamoja na Kinshasa na miji mingine mikubwa.

Basi mtoto asiye na karatasi ni nani? Mara nyingi ni yule ambaye mama yake alimzaa akiwa njiani anakimbia vita. Ni yule anayelelewa na bibi asiyejua kusoma. Ndugu waliokimbia Salamabila wakati wa mapigano ya Mai-Mai mwaka wa 2018, wangapi waliobeba cheti? Baba aliyeuawa porini, dokota gani aliandika kifo chake? Ukisema bila cheti hakuna msaada, umemfungia mlango mwenye haki zaidi, na umemfungulia mwenye mjomba ofisini. Tena mwongo hashindwi na karatasi. Karatasi zinanunuliwa, nanyi mnajua bei.

Kuna jambo jingine hapa, nalo ni neno lenyewe la yatima. Katika fikihi yetu yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Baadhi ya watu wa dini wameshika hapo, wakakataa kumwandika mtoto ambaye baba yake yu hai. Lakini tunao watoto ambao baba zao walikwenda machimbo ya dhahabu na habari zao zikakatika, mwaka wa tatu sasa, wa nne. Si hai kwa watoto wao, na wala hawajulikani wamekufa. Sheria ya Kongo nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, juu ya ulinzi wa mtoto, imekuwa na macho mapana zaidi katika kifungu cha 62. Inamhesabu kati ya watoto walio katika hali ngumu yule asiye na msaada wa jamaa kwa kufiwa na wazazi, au kwa kutengana nao, na hata aliyesingiziwa uchawi. Je, hilo linapingana na dini? Hapana. Mtoto wa mchimbaji aliyepotea, kama hakuingia katika fungu la yatima, ameingia katika fungu la fakiri, na fakiri ndiye wa kwanza kutajwa katika aya ile ya zaka. Mwalimu anayemfukuza kwa sababu ya jina la fungu ameijua fikihi nusu.

Kama si karatasi, basi tuchunguze kwa nini? Mtume (s.a.w.) ametuonyesha. Katika Sahihi Muslim, swahaba Qabisa alikuja kuomba msaada juu ya deni alilojitwika. Mtume akamwambia angoje mpaka sadaka ifike, kisha akamweleza kwamba kuomba ni halali kwa watu watatu tu. Mmoja wao ni mtu aliyepatwa na ufukara, mpaka watu watatu wenye akili katika watu wake wakasema kweli kwamba fulani amefukarika. Pimeni kila neno. Watatu, maana mmoja anaweza kuhongwa. Wenye akili, ni kusema wasiokuwa watu wa chuki wala wa kupendelea. Na wawe katika watu wake, wanaojua kama jiko lake linawaka.

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mgeni akifika anaona nyumba ya mabati, anaandika kwamba huyu si maskini. Jirani anajua kwamba mabati yale aliyaweka marehemu, na ndani hakuna hata unga wa bugali. Suratul Baqara, aya ya 273, inatuambia kuwa asiyewajua huwadhania matajiri kwa namna wanavyojizuia kuomba. Anayemjua ndiye anayemtambua kwa alama yake.

Wenzetu wa mashariki wamejaribu njia ya namna hiyo. Serikali ya Kenya ilianza mwaka wa 2004 kutoa fedha kwa jamaa zinazolea mayatima na watoto wenye shida, kwa nyumba 500 hivi za Garissa, Kwale na Nairobi. Kamati ya watu wa mahali ilitaja majina, watu wengine wakapita nyumba kwa nyumba kuhakikisha, na mwisho orodha ikasomwa katika baraza. Tanzania nayo, kwa mfuko wake uitwao TASAF, ilianza mwaka wa 2012 mpango wa kusaidia kaya maskini, na huko majina yalitajwa katika mkutano wa kijiji. Hata hivyo, uhakiki wa miaka ya 2015 na 2016 uliondoa zaidi ya kaya 50,000 zisizostahili. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamehama, wengine hawakuwa maskini kabisa, na humo walikuwamo viongozi wa vijiji. Kwa hiyo mkutano peke yake hautoshi. Mtu gani atasimama mbele ya kijiji chote aseme mke wa chefu si maskini, wakati kesho atahitaji sahihi ya chefu?

Tena kusoma majina hadharani kuna uchungu wake. Kunamkamata mwongo, ni kweli, lakini mjane mwenye haya atakaa nyumbani na njaa yake kuliko kusikia umaskini wake unajadiliwa chini ya mwembe. Ndiyo sababu napenda zaidi mashahidi watatu kuliko mkutano wa watu 300. Na kati ya hao watatu asikose mwanamke, maana wanaume wa kartie wanajua nani ana pikipiki, lakini wanawake ndio wanaojua nani alikuja jana kuomba chumvi.

Wengine watasema: mwalimu, unalegeza mno, mali ni kidogo na wajanja ni wengi, afadhali ukali. Kwao nina habari ya nchi ambayo haikukosa mali wala karatasi. Uholanzi, huko Ulaya, serikali ilikuwa inawalipia wazazi sehemu ya gharama za kutunziwa watoto wakati wao wako kazini. Ikaogopa wezi. Ikawa mzazi aliyesahau sahihi moja, au aliyekosa kulipa sehemu yake ndogo, anaandikwa kama mwizi na kudaiwa arudishe fedha zote za mwaka, maelfu kwa maelfu ya euro. Wenye asili ya nchi za nje waliangaliwa kwa jicho baya kuliko wengine, na kati yao wako Waislamu wengi, wa Maroko na wa Uturuki. Wazazi kama 26,000 walitajwa kuwa wamedhulumiwa. Nyumba ziliuzwa, ndoa zilivunjika, na watoto zaidi ya 1,000 wa jamaa hizo waliondolewa kwa wazazi wao wakalelewa kwingine. Tarehe 15 Januari 2021 serikali nzima ya Uholanzi ilijiuzulu juu ya jambo hilo. Msaada uliowekwa kwa ajili ya watoto ukaishia kuwatoa watoto katika nyumba zao, na waliofanya hivyo walikuwa wanajiona walinzi wa mali ya umma.

Kwa hiyo makosa yako mawili: kumpa asiyestahili, na kumnyima anayestahili. Hayalingani. Juu ya kosa la kwanza tunayo hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mtu aliyetoa sadaka usiku mara tatu, ikaangukia mikononi mwa mwizi, na mwanamke mzinzi, na tajiri. Watu wakamsema. Naye akajulishwa kwamba huenda mwizi akaacha wizi kwa sababu yake, na mwanamke akaacha uzinzi, na tajiri akapata fundisho akatoa. Sadaka iliyokosea njia, Mungu anaweza kuigeuza kheri. Na mtoto aliyenyimwa akafa kwa kukosa chakula au dawa, kosa lake nani ataligeuza? Basi shaka ikibaki baada ya kuchunguza kwa haki, shaka hiyo iwe upande wa mtoto. Na ukali wetu, kwa maana ukali unahitajika, tuuelekeze kwanza kwa anayeshika kalamu. Mtume (s.a.w.) alimkasirikia mkusanyaji wake wa zaka, Ibnul Lutbiyya, aliyerudi na mali akasema hii yenu na hii nimezawadiwa. Akauliza mbele ya watu, kama angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, je, zawadi hiyo ingemfikia? Yule aliyeomba kwa uongo alimweleza sheria kwa upole, na mtumishi wa amana alimsema juu ya mimbari. Sisi tumegeuza: mjane anafokewa dirishani, na mwenye daftari anaitwa mukubwa.

Katika mfuko wetu sisi wenyewe, ambao hatuhitaji ruhusa ya Kinshasa kuutengeneza, tunaweza kuanza kabla ya Ramadhani. Jina la mtoto liletwe na mashahidi watatu wa avenyu yake, karatasi iwe msaada wala si mlango. Anayeandika asiwaandike watu wa nyumba yake, hao wachunguzwe na mtu wa kartie nyingine. Na asiondolewe mtu katika orodha kwa maneno ya barabarani. Suratul Hujurat, aya ya 6, imeamuru tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Aitwe, au bora zaidi afuatwe kwake, aambiwe ameshitakiwa nini, asikilizwe.

Limebaki swali moja ambalo wazee waliniuliza, na sikulijibu palepale. Baba amedanganya, imethibitika, ameandika watoto saba na anao watatu. Je, tumwondoe? Baba, ndiyo, asishike tena kitu cha mfuko, na alichokula arudishe kadiri awezavyo. Lakini wale watatu ni wa kweli, na njaa yao ni ya kweli, na Qur'an imetufundisha kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Fungu lao lipitie mkononi mwa bibi yao, au mama yao, au mwalimu wao wa masomo. Watoto hao watatu wabaki katika orodha.